Bomani, kanisani, msikitini au kwa mila: mlango upi wa ndoa unawafaa?

Posa imejibiwa, mahari imetajwa, na kamati imeshaanza kubishania ukumbi. Swali lililostahili kutangulia yote bado linazunguka sebuleni: ndoa yenyewe ifungwe wapi? Baba wa bwana harusi anataka kanisani. Mama wa bibi harusi anasema bila kwenda kijijini hakuna ndoa. Maharusi wenyewe wanatamani waingie bomani Ijumaa asubuhi, watoke mchana na cheti mkononi. Makala haya ni ya hao waliokwama katikati, hasa wa Tanzania Bara.

Nianze na neno moja linalochanganya watu. Ndugu zetu walioko Marekani husema "tumechukua leseni ya ndoa", na kule ni kweli: jimbo la New York, kwa mfano, huwapa wachumba leseni, wanasubiri saa 24 ndipo wafunge, na wasipofunga ndani ya siku 60 leseni imekufa. Huku kwetu wachumba hawachukui leseni, wanatoa notisi. Katika Sheria ya Ndoa leseni utaikuta kwa kiongozi wa dini, ambaye lazima aruhusiwe na Msajili Mkuu ndipo afungishe ndoa, na utaikuta tena kama ruhusa maalum ya Msajili Mkuu huyo huyo kwa wachumba wenye sababu nzito ya kutosubiri siku za notisi. Ukienda bomani ukaomba leseni ya ndoa karani atakuelewa, lakini atakachokukabidhi ni fomu ya notisi.

Sheria ninayoitaja ni ya mwaka 1971, Sura ya 29, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Ilizaliwa na Waraka wa Serikali namba 1 wa 1969, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa nia ya kuziweka ndoa za dini zote na mila zote chini ya paa moja. Ndiyo maana nakereka nikisikia mtu akisema ndoa ya bomani ndiyo "ya kisheria" na nyingine ni za dini tu. Zote nne ni za kisheria. Zinachotofautiana ni watu mnaoweza kuingia, karatasi mtakazodaiwa, aina ya ndoa mtakayohesabiwa kuwa nayo, na mtu atakayewajibika kuiandikisha. Kwa vipimo hivyo vinne nitaipima kila moja. Kipimo cha tano, yaani mkishindwana mnatokea wapi, hakitofautiani sana, hivyo nitakigusa mara moja mwishoni.

Masharti yasiyojali mlango

Popote mtakapofungia, kila mmoja lazima akubali kwa hiari yake. Ndoa ambayo mmoja wao aliburutwa ni batili, hata kama ilisomwa na askofu au sheikh mkubwa. Msiwe ndugu wa karibu waliokatazwa: mzazi, mtoto, babu na bibi, wajukuu, kaka na dada, shangazi, mjomba na wapwa. Binamu hayumo kwenye orodha ya sheria, jambo ambalo watu wa pwani wanalijua vizuri. Ila Kanisa Katoliki linamzuia mpaka kwa kibali. Mwanamume mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine wakati ile ingali hai, na mwanamke hawezi kuwa na waume wawili kwa namna yoyote ile. Mashahidi wasipungue wawili, nao wawe watu wazima.

Umri ndipo pananiumiza kichwa. Sheria iliandikwa kwamba mwanamume afikishe miaka 18 na mwanamke 15, na mahakama ikapewa uwezo wa kushuka hadi 14. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki pale pale. Juu ya hayo, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampeleka jela miaka 30 anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kwa hiyo mzee yeyote akiwaambia kuwa miaka 15 inatosha, mpigieni hesabu ya 18 kwa wote wawili na mada iishie hapo.

Halafu kuna siku 21. Huo ndio muda wa chini kati ya kutoa notisi na kufunga ndoa, na notisi humwendea msajili au kiongozi wa dini atakayefungisha. Mnaandika majina, umri, mnapoishi, wazazi wenu ni nani, na hali zenu: hajaoa, mtalaka, mjane, au ana mke tayari. Kisha inatangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Familia nyingi hupanga ukumbi kwanza, notisi baadaye. Anzeni na notisi, kwa sababu ukumbi unaweza kuhamishwa tarehe.

Bomani

*Nani anaingia.* Yeyote. Mkristo na Mwislamu ambao hakuna aliye tayari kuhama, wasio na dini, Mtanzania na mgeni, wazee wajane wasiotaka makelele. Huu ndio mlango pekee usiouliza mnasali wapi, na kwa maoni yangu ndiyo sifa yake kubwa kuliko bei wala haraka.

*Karatasi na siku.* Anayepokea notisi ni msajili wa wilaya, ambaye kwa kawaida utampata ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Juu yake yupo RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Jiandaeni na vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA au pasipoti, picha ndogo, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Mtalaka aje na hati ya mahakama inayovunja ndoa ya kwanza; karatasi ya sheikh au barua ya wazee haitoshi. Mjane aje na cheti cha kifo. Mgeni atadaiwa hati kutoka kwao inayoonyesha kuwa hana ndoa, na ikiwa imeandikwa kwa lugha nyingine, itafsiriwe kabla hajafika dirishani.

Niliwahi kusimama shahidi bomani, wilaya siitaji. Bibi harusi alikuwa na jina la babu kwenye cheti cha kuzaliwa na jina la ukoo kwenye NIDA. Siku ya notisi hakuna aliyeona. Siku ya ndoa, na gauni limeshavaliwa, karani akaona. Tulirudi nyumbani na keki. Ilibidi aape kiapo kwa wakili kuwa majina yote mawili ni yake, tukarudi wiki iliyofuata nusu ya wageni wakiwa wameshasafiri. Wekeni karatasi zenu ubavu kwa ubavu juu ya meza mkiwa bado na siku 21 zote.

*Mke mmoja au wengi.* Ndoa ya bomani huhesabiwa kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Kama bwana harusi ana mke mwingine au anadhamiria kuwa naye, lazima iwekwe wazi mwanzoni.

*Cheti.* Hapa bomani hana mpinzani. Anayefungisha ndiye anayeandikisha, mnatia saini, mashahidi wanatia saini, na mnaondoka nacho. Mkikipoteza baada ya miaka kumi, mnajua daftari lilipo.

Kinachokosekana ni sherehe yenyewe. Dakika ishirini, meza, bendera, picha ya Rais ukutani, na mama mkwe anayeuliza "ndiyo imeisha?" Wengine wanaliona hilo tatizo, wengine ndilo walilolifuata.

*Inawafaa* wenye dini mbili, wenye safari ya karibu au shughuli za viza, na wale ambao familia haijakubaliana ila wao wameshaamua.

Kanisani

*Nani anaingia.* Wakristo, na kwa kawaida wa dhehebu hilo. Mkatoliki na Mlutheri wanaweza kufunga ndoa ya mseto, lakini upande wa Katoliki kibali cha askofu kinahitajika na maswali kuhusu ubatizo wa watoto yatakuja. Mkatoliki na Mwislamu pia hawajafungiwa kabisa, ingawa kibali chao ni kizito zaidi na paroko hatakitafuta kwa wiki moja.

*Karatasi na siku.* Sheria inadai siku 21. Kanisa litadai zaidi. Katoliki hutaka cheti cha ubatizo kilichotolewa upya karibuni, mafundisho ya ndoa, mahojiano ya kila mmoja peke yake, na matangazo ya Jumapili tatu. Walutheri na Waanglikana nao wana mafundisho na matangazo yao. Kama mmoja alibatizwa Bukoba na mwingine Songea, matangazo na barua hutembea parokia kwa parokia, na barua za parokia zina mwendo wake. Miezi mitatu ni makadirio ya mtu mwenye bahati. Mwenye akili hupanga sita.

Utaombwa pia vitu ambavyo sheria haikuviandika: stakabadhi za zaka, barua ya jumuiya ndogo ndogo, majibu ya kipimo cha VVU. Hivyo ni taratibu za kanisa lenu na mnaweza kuvijadili na mchungaji, lakini msivichanganye na masharti ya nchi. Wengi wamehangaika mwaka mzima wakidhani serikali ndiyo inayowakatalia, kumbe ni mzee wa kanisa.

Suala la leseni linakuwa hai hapa. Kanisa kongwe lina padre au mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa na kitabu cha vyeti vya serikali kabatini. Huduma iliyoanza mwaka juzi kwenye ukumbi wa kukodi inaweza kuwa na nabii mwenye upako mwingi na asiye na leseni hata moja. Ulizeni bila aibu: "Mchungaji, leseni yako ya kufungisha ndoa ipo?" Mwenye nayo hatakasirika.

*Mke mmoja au wengi.* Mke mmoja, na hapa kamba imefungwa kuliko mahali pengine. Sheria inaruhusu wanandoa kubadili aina ya ndoa yao kwa tamko la pamoja mbele ya jaji au hakimu. Lakini ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kubadilishwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Mwanamke anayetaka kulala usingizi kuhusu jambo hilo, ulinzi wake mkubwa uko hapa.

*Cheti.* Mnatia saini siku hiyo, na mfungishaji ana wajibu wa kupeleka nakala kwa msajili. Wengi hupeleka. Wengine huziacha kwenye droo. Baada ya mwezi au miwili nendeni wenyewe mkaulize kama ndoa yenu imefika wilayani.

*Inawafaa* waamini wenye muda, ambao jumuiya yao ndiyo itakayowabeba kwenye ndoa wakati wa raha na wa msiba. Haiwafai wenye haraka.

Msikitini, au barazani kwa bibi harusi

*Nani anaingia.* Waislamu wawili bila shida. Mwislamu mwanamume na mwanamke wa Kikristo, fiqhi, yaani sheria ya dini, inaruhusu kwa kuwa mwanamke huyo ni wa watu wa kitabu, ingawa masheikh wengi watataka asilimu kwanza na familia zitataka zaidi ya hao masheikh. Mwanamke Mwislamu na mwanamume asiye Mwislamu, mlango huu umefungwa mpaka asilimu.

*Karatasi na siku.* Upande wa dini nguzo zinajulikana: walii wa bibi harusi (ndugu anayemuoza), mashahidi wawili, ijabu na kabuli (tamko la kuoza na la kukubali), na mahari ambayo ni yake bibi harusi mwenyewe, si ya baba yake. Mjane awe amemaliza eda, yaani muda wa kungoja, ya miezi minne na siku kumi, na mtalaka eda yake. Mambo hayo yakikamilika, sheikh anaweza kufungisha leo jioni, na ndipo siku 21 zinaposahauliwa. Notisi inahusu pia ndoa ya Kiislamu. Ndoa ya mkeka, ile ambayo kijana kafumaniwa Alhamisi na Ijumaa keshaozeshwa, inaruka hatua hiyo mbele ya macho ya watu wote. Sheria haiibatilishi ndoa kwa kukosa notisi peke yake, lakini ndoa iliyofungwa kwa vitisho vya kaka wa msichana ina kasoro kubwa kuliko notisi: hiari haipo.

*Mke mmoja au wengi.* Ndoa iliyofungwa Kiislamu inahesabiwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bibi harusi alijue hili kabla hajamwambia walii "nimeridhia". Kama nyote wawili mnataka ibaki ya mke mmoja, nendeni kwa hakimu mkatoe tamko la pamoja la kuibadilisha, wakati bado ana mke mmoja na hakuna anayelazimishwa.

Kuna jambo ambalo wake wengi hawalijui. Mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi dhidi ya ndoa inayokuja. Anaweza kusema kipato cha mume hakitoshi na yeye na watoto watataabika; anaweza kusema huyo ajaye ana tabia mbaya inayojulikana, ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Pingamizi lake husikilizwa, ingawa kusikilizwa si kukubaliwa. Na ili aliweke, lazima notisi iwepo na aione. Sasa unaelewa kwa nini waume wengine wanaipenda sana ndoa ya haraka katika wilaya ya mbali.

*Cheti.* Anayefungisha awe amesajiliwa na awe na kitabu cha vyeti. Wengi hupitia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ya wilaya. Karatasi nzuri yenye maandishi ya dhahabu iliyonunuliwa stesheni ni kumbukumbu ya kuweka ukutani. Benki, mfuko wa pensheni na ubalozi watataka cheti chenye namba ya usajili.

*Inawafaa* Waislamu wawili, matajiri kwa maskini, kwa kuwa ndiyo ndoa inayoweza kufungwa kwa gharama ya halua na kahawa. Ila msiikimbize mpaka mkaacha karatasi nyuma.

Kwa mila

*Nani anaingia.* Watu wawili wa jamii zinazofuata sheria za kimila, zikiwa moja au mbili tofauti. Mhaya na Mhaya, Mchaga na Mpare, Msukuma na Mkurya: wazee watakubaliana waanzie kwa mila ya nani. Mtu aliyelelewa Oysterbay na hajui hata salamu ya kwao atapata taabu kuieleza mahakama kwamba anaishi kimila.

*Karatasi na siku.* Hapa kazi ya karatasi hufanywa na watu. Mshenga anatumwa, barua ya posa inakwenda na kishika uchumba, mahari inajadiliwa, mbuzi wanahesabiwa, binti anaagwa. Mambo hayo yanachukua wiki au miaka. Ndoa hii ina utajiri kuliko nyingine zote, kwa sababu watu mia wanakuwa mashahidi na ukoo mzima unakuwa mdhamini. Lakini watu mia hao wanazeeka, wanahama, wanakufa, na wengine wanabadilisha upande pesa za mirathi zikionekana.

Kuhusu mahari, sheria ni wazi: ndoa iliyotimiza mengine yote haibatiliki kwa kuwa mahari haijalipwa au haijaisha. Baba mkwe anayesema "huyo si mkeo mpaka ng'ombe wawili waliobaki wafike" ana haki ya kudai mahari iliyobaki, ila hana uwezo wa kuifuta ndoa.

*Mke mmoja au wengi.* Kama ile ya Kiislamu: inahesabiwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo.

*Cheti.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Kanisani na msikitini mfungishaji ndiye mwenye wajibu wa kusajili. Kwenye mila wajibu huo ni wenu nyinyi wawili, na mna siku 30 tangu ndoa ifungwe. Hamna padre wa kumlaumu. Ni wachache wanaokwenda, maana siku 30 hizo ndizo za fungate na madeni ya harusi. Ndoa isiyosajiliwa haiwi batili kwa sababu hiyo. Inabaki ndoa isiyo na karatasi, na mjane anayeambiwa na shemeji zake "wewe alikuoa nani?" anajua tofauti yake.

*Inawafaa* wanaotaka ukoo uwe ndani ya ndoa, mradi wawili hao wawe na nidhamu ya kwenda kwa msajili kabla mwezi haujaisha.

Na sogea tukae?

Huu si mlango, ni kuruka ukuta. Lakini wengi wanaishi humo, hivyo ulijue hili: watu wawili wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria inachukulia kuwa wameoana, kwa kifungu cha 160. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa. Mwanamume akithibitisha kwamba muda wote huo alikuwa na ndoa ya mke mmoja kanisani, mwanamke wa sogea tukae anapoteza cheo cha mke, ingawa anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Kuishi miaka miwili kwa kutegemea dhana, wakati bomani ni siku 21, ni hesabu ambayo sijawahi kuielewa.

Mkishindwana

Mlango wowote mlioingilia, wa kutokea ni mahakama. Kwanza mnapita baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo lipo kwenye kata, na jumuiya za dini nazo zina yao. Baraza likishindwa linatoa hati, ndipo mmoja anafungua shauri, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Ndani ya miaka miwili ya kwanza ya ndoa hamwezi kuomba talaka bila ruhusa ya mahakama. Talaka iliyotamkwa na mume Mwislamu ina nafasi yake, kwa kuwa mahakama huiangalia baada ya baraza kushindwa kuwapatanisha, lakini peke yake haimpi mtalaka ile karatasi atakayodaiwa bomani siku akitaka kuolewa tena. Mali iliyochumwa pamoja inagawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983 kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, iwe ndoa ilifungwa na kadhi, paroko au wazee wa ukoo.

Kwa hali yenu

Kama ni dini mbili na hakuna anayehama, ni bomani. Wenye hamu ya baraka watafute baadaye sheikh au mchungaji atakayekubali kuwaombea.

Kama familia imeshikilia mila na nyinyi mmeshikilia kanisa, fanyeni zote mbili, kama nusu ya nchi inavyofanya: kijijini Jumamosi ya kwanza, kanisani mwezi unaofuata. Mwambieni mchungaji ukweli kuhusu ile ya kwanza ili fomu zisijazwe kwa uongo.

Kama mmoja anasafiri karibuni, toeni notisi bomani kesho asubuhi. Leseni maalum ya kufuta siku 21 ipo, lakini inataka sababu yenye uzito, na "ukumbi umelipiwa" si mojawapo. Wakatoliki waliofunga bomani kwa haraka huenda wakazuiwa komunyo mpaka ndoa irekebishwe kanisani, hivyo ongeeni na paroko mapema.

Kama bwana ana mke, na mnataka ndoa halali, angalieni kwanza ile ya zamani ilifungwa wapi. Ilifungwa kanisani? Simameni hapo. Ilifungwa Kiislamu au kimila? Njia ipo, ila na mke wa kwanza aione notisi.

Kama mnaishi pamoja tayari na mna watoto, mlango wowote utawapokea. Wa bei nafuu ni bomani, na watoto watafurahi kuwa mashahidi wakishafika miaka 18.

Walioko Unguja na Pemba wasitumie mwongozo huu: Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki huko, na mambo ya ndoa za Waislamu yako kwa Mahakama za Kadhi. Na wale wa Namanga, Taveta au Sirari wanaooana kuvuka mpaka, Kenya ina Sheria yake ya 2014 yenye milango mitano, pamoja na wa Kihindu. Umri huko ni 18 bila mjadala, na ndoa ya kimila nayo inatakiwa kusajiliwa. Fungieni upande ambao mtaishi na kuzaa, halafu wekeni nakala ya cheti kwa wazazi wa pande zote mbili. Droo ya mama mkwe haipotezi kitu.